Dereva Niliyempitisha kwa Heshima ya Mwalimu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mdogo wangu basi habari za kazi. Jina langu naomba ulifiche kabisa, maana huku Mbulu watu wanafahamiana mpaka ng'ombe wao.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, sijaolewa, naishi na mama yangu Endagikot. Kazi yangu naifanyia nyumbani kwa kompyuta. Nasoma programu zilizoandikwa na wengine kabla hazijaingizwa kwenye kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta. Humo ndani kuna njia ambayo vifaa vidogo hupitishia taarifa, tunaiita basi, na programu inayoisimamia tunaiita dereva. Mama aliposikia hivyo akawatangazia wenzake wa kwaya kwamba binti yake anakagua madereva wa mabasi. Sikumsahihisha. Kutosahihisha wakubwa ndio ugonjwa wangu, na ndio ulionileta kwenu leo.

Utaratibu wetu ni kwamba mtu akituma kazi yake tunaisoma mbele ya wote. Ukiridhika unaweka jina lako chini yake, kwamba umeipitia. Mimi najulikana kwa ukali. Kuna Mjerumani mmoja nilimrudishia kazi mara tano kwa vitu vidogo vidogo, na mwisho alinishukuru.

Mwaka juzi ikaja kazi mpya, dereva wa basi kwa ajili ya kompyuta ndogo za kuendesha pampu za maji. Kuangalia jina la mtumaji, nikalitambua. Ni mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari, amestaafu, amerudi kwao Dirma. Huyu mzee ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta mara ya kwanza maishani, akaniambia, "Shika, haing'ati." Uzeeni amejifunza kuandika vitu hivi ili kijiji chake kipate pampu ya umeme wa jua inayojiwasha yenyewe tenki likipungua. Mafundi walikataa kuifunga mpaka dereva wake akubaliwe na sisi.

Nikasoma. Kazi safi, isipokuwa sehemu moja. Dereva anakiuliza kifaa swali, halafu anasubiri jibu bila kikomo. Kifaa kikinyamaza, kompyuta nzima inaganda. Ni kama mtu aseme shikamoo mlangoni halafu asimame hapo hapo mpaka aitikiwe, hata kama wenye nyumba wameshahama. Niliiona siku ile ile ya kwanza. Sitawadanganya kwamba sikuiona.

Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele za watu, kwa hiyo nikampigia simu pembeni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Umeiona kazi ya mzee?"

"Nimeiona mwalimu, ni nzuri sana. Nilikuwa nawaza tu, je kifaa kisipojibu?"

Akacheka. "Kitajibu. Nimekipima mwezi mzima, hakijawahi kukaa kimya. Wewe weka jina, wazee wenzangu huku wananiuliza kila siku."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Niliwaza atasema, huyu mtoto juzi tu nilikuwa namsahihishia daftari, leo ameota mapembe. Nikasema sawa mwalimu, nikaweka jina. Mkuu wetu wala hakuisoma kwa makini, alisema nikishaipitia mimi inatosha.

Pampu ilifanya kazi zaidi ya mwaka. Kiangazi hiki ng'ombe wakakanyaga waya wa kipimo cha tenki, ukakatika. Kipimo kikanyamaza, dereva akasubiri. Siku tatu pampu haikuwaka, mifugo inatoka mbali inakuta birika kavu, mpaka fundi alipofika siku ya nne. Mama mmoja mjane alipoteza ng'ombe wake wawili wa maziwa, aliowategemea kwa wajukuu.

Nilienda kumpa mwalimu pole nikakuta kikao cha kijiji. Yule mama alisimama, hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, maji yako chini, jua liko juu, pampu ni nzima. Sasa ng'ombe wangu wameuawa na nini?"

Mwalimu akavua kofia. "Wameuawa na kosa langu. Huyu binti hapa aliipitia kazi yangu, lakini msimtazame vibaya. Kosa lilikuwa limejificha, asingeweza kuliona."

Nilinyamaza. Baada ya kikao yule mama mwenyewe akanikaribisha chai, ya rangi, akaniomba radhi kwamba maziwa hakuna. Nikainywa yote. Mpaka leo najichukia.

Sasa jana mwalimu ametuma marekebisho, mistari mitatu tu. Kwenye maelezo ameandika kwamba kosa ni la mwandishi peke yake na mpitiaji hakuwa na namna ya kuligundua. Sijui ameisahau ile simu au ananifunika makusudi. Nikiweka jina, nimesaini uongo mbele ya dunia nzima. Nikisema ukweli, wenzangu watatilia shaka kila nilichowahi kupitisha. Hilo nimelistahili. Lakini watu wa Dirma nao watajua kwamba mzee aliulizwa akapuuza, na nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili, baada ya kile kikao. Na nikizidi kukaa kimya, yule dereva wa zamani ndiye bado anaendesha ile pampu, na waya ni ule ule uliounganishwa.

Asubuhi hii mwalimu ameniandikia, "Binti yangu, umeshaisoma?" Sijamjibu. Naona kwenye simu yuko hewani, anasubiri.

Ndugu zangu, nimjibu nini?