Nilivyomzika Mama Akiwa Hai

Jumapili moja imegoma kunitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umesema unataka kupanda jukwaani na gitaa, bora uisikie kutoka kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, naishi Riverdale Park, huku Amerika, ila kwetu ni Kinangop, Kenya. Kule tulilelewa na muziki wa kantri redioni, usicheke. Siku za kazi nilipakia maboksi ghalani Rockville. Jumamosi nyingine navaa kofia pana na buti, naimba kwenye baa moja Bladensburg. Wazungu walikuja kunitazama kwanza, kunisikiliza baadaye. Wengine hiyo baadaye hawakuifikia.

Sikuwa mwimbaji mbaya, ila kantri hutaka machozi na mimi sikumliza mtu. Basi Jumamosi moja nikatangaza kwenye maikrofoni kwamba mama yangu amefariki wiki hiyo, nami sina karatasi za kusafiri nikamzike. Karatasi kweli sikuwa nazo. Mama alikuwa mzima, anakama ng'ombe wake.

Baa nzima ililia. Mwenye baa akaniahidi jukwaa kila Jumamosi.

Mpiga besi wangu alikuwa Mzee Calvin, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akakisema kwa usafi kunishinda. Tukifunga vyombo akaniuliza, "Ndugu yangu, juzi si ulizungumza na mama yako kwa simu?"

"Ni sanaa tu, Mzee."

"Ungetunga mtu. Kwa nini umemchukua mama yako?"

Nikamwona mshamba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kumbe mle ndani alikuwemo Mkenya mmoja, nesi, na unatujua sisi wa huku: msiba wa mmoja ni wa wote. Kesho yake, baada ya kanisa, mlango ukagongwa. Watu kama kumi na wanane, na chapati, chupa za chai, na mchungaji.

"Pole sana, jameni," akasema Mama Shiko, kiongozi wa akina mama. "Mbona hukutu-call? Tumekuja ku-pray na wewe."

Ningesema ukweli pale pale. Wangenisema, wangekula chapati zao, wangeenda. Badala yake nikainamisha kichwa nikapokea pole.

Wakaimba, wakaomba. Kisha Mama Shiko, kwa wema wake, akakwangua kadi ya simu: lazima tuombe na familia pia. Namba ya nyumbani nilikuwa nimeibandika ukutani. Akapiga, akaweka spika.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Pole sana, mama. Sisi ni marafiki wa Kamau huku Amerika. Tuko kwake, kwa matanga."

"Matanga ya nani?"

Mama Shiko akashusha sauti. "Ya mama yake."

"Mama yake ni mimi," akasema mama.

Walitoka mmoja mmoja. Chapati waliziacha mezani, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Nilipiga simu kesho yake, na mwaka mzima. Alishika dada yangu tu. "Mama anasema mfu hashiki simu." Nikadhani ni hasira, itapoa. Haikuwa hasira, mwanangu. Alikuwa na hofu, kwa kuwa kifo chake kilitamkwa na mtoto wa tumbo lake. Kila siku alimuuliza dada, "Nilimkosea nini?" Aliuliza hivyo miaka sita, kisha akafa kweli.

Karatasi sikuwa nazo bado. Nilipomwambia mwenye baa kwamba sitaimba, mama amefariki, akaniuliza, "Mama yupi?" Sikurudi tena pale, wala jukwaa lolote. Nyumbani alikuja Mzee Calvin peke yake, tukakaa. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu nimemlea hadi amezeeka, na haondoki.

Basi sikia. Imba uchungu wako. Ukiukosa, tunga wa kubuni, lakini aliyekuzaa usimuue upate makofi. Na ukishakosea, ungama mlango ukigongwa, kabla hujapokea pole ya kwanza, maana ukishaipokea huna pa kurudi. Mimi nimebaki na msamaha wa kuomba na sina wa kumwomba.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti. Akikunyima, akuachie mama wa kukuambia umeimba vibaya.