Jeannine na Maandishi ya Jikoni

Jeannine Furaha alikuwa na miaka thelathini na minne alipoacha kusuka nywele Yeoville, mjini Johannesburg, akaingia jikoni kwa Wachina. Vidole vilikuwa vimeanza kumuuma, na mgongo haukutaka tena kuinama kutwa nzima juu ya kichwa cha mteja. Jirani yake Mwatumu, mwanamke wa Tanga, alikuwa akimenya mboga na kuparua samaki katika mkahawa mmoja wa Cyrildene, na ndiye aliyemwambia kwamba wanatafuta mtu. Kesho yake asubuhi wakatoka pamoja kwa miguu, wakapitia kitongoji cha Observatory mpaka Derrick Avenue, mtaa ambao vibao vyake karibu vyote vimeandikwa Kichina. Jeannine akapewa kisu na kapu la vitunguu vya majani.

Mwenye mkahawa alikuwa mjane mfupi mwenye mikono ya nguvu, Bi Fong, aliyefika Johannesburg na mumewe kutoka kusini mwa China mwaka 1981. Wote jikoni walimwita Popo, yaani bibi, na yeye mwenyewe hakupenda kuitwa jina jingine. Alisimama mbele ya karai tangu saa tano mchana mkahawa ulipofunguliwa. Juu ya kichwa chake palikuwa na waya, na kwenye waya wahudumu walibana vikaratasi vya oda vilivyoandikwa kwa kalamu, haraka haraka, kwa herufi ambazo Jeannine aliziona kama nyayo za kuku.

Popo alikuwa anasoma kikaratasi, anapaza sauti kwa Kikantoni, lugha ya kwao, na Jeannine analeta kitu ambacho sicho. Akitakiwa tofu, ile jibini ya soya, analeta uyoga. Popo hakumgombeza, ila alimtazama kwa namna ambayo Jeannine aliona afadhali angegombezwa.

Basi akaanza kuokota vile vikaratasi. Kila oda ilipokwisha, badala ya kukiacha kikaratasi kiende kwenye pipa, alikifuta mafuta, akakitia kwenye mfuko wa aproni na kukumbuka chakula gani kilitoka nacho. Nyumbani, mezani, baada ya chakula cha jioni, alivinakili katika daftari la shule lililobaki kwa binti yake Arlène. Baada ya wiki mbili akagundua kitu cha kwanza. Kila oda yenye kisanduku kidogo kilichogawanywa katikati, kikakalia mstari mrefu kama dirisha juu ya kizingiti, ilitoka na yai. Akaandika pembeni: yai. Kesho yake, kabla Popo hajafungua kinywa, yai lilikuwa tayari kando ya karai.

Popo akamtazama, safari hii kwa macho mengine, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeona tu."

Siku moja mchana, wateja walipopungua, Jeannine alimwonyesha orodha ya vyakula iliyochapishwa. Pale yai halikuwa na lile dirisha juu ya kizingiti. Lilikuwa na herufi nyingine, ndefu, yenye vikorombwezo vingi. Popo akachukua kalamu, akaandika zote mbili.

"Hii ya mezani," alisema, akigusa ile ndefu. "Hapa chini ni mdudu, unaona? Hii nyingine ya jikoni. Kwa kweli maana yake ni alfajiri, lakini inatamkwa sawasawa na yai, na ni rahisi. Ukiwa na oda ishirini huna muda wa kuchora mdudu."

Kisha akaandika wali kwa namna tatu: ile ya vitabu vya zamani, ile iliyopunguzwa ambayo watoto wa China husoma shuleni siku hizi, na ile ya jikoni, iliyobaki nusu tu ya herufi nzima. Jeannine alizitazama zote tatu kwa muda mrefu. Hakuwahi kufikiri kwamba neno moja laweza kuwa na nguo ya sherehe, nguo ya shule na nguo ya kazi. Akazinakili.

Miaka sita ikapita hivyo. Daftari la kwanza likajaa, likaja la pili. Jeannine hakujua kuongea Kichina zaidi ya majina ya vyakula na salamu, wala hakudai kwamba anajua kusoma. Mwatumu akimtania mbele ya watu, "Mama Arlène huyu profesa wetu," alikuwa akicheka na kusema, "Hapana, dada. Miye najua ya jikoni tu."

Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, Popo alianguka kando ya karai. Ilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na sauti ikakatika. Mwanawe wa pekee, Desmond, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya Sandton, akaacha kila kitu akakimbilia hospitali, na kwa wiki tatu mkahawa ukaendeshwa na mpishi msaidizi kwa kubahatisha.

Desmond alizaliwa Johannesburg. Kikantoni alikielewa kidogo, cha nyumbani, lakini kusoma hakujua hata herufi moja. Wiki ya tatu, hospitalini wakampa mama yake ubao mdogo mweupe na kalamu. Popo akaushika kwa mkono wa kushoto, akaandika. Desmond akazipiga picha zile herufi, akaziweka kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake. Simu ikasema: alfajiri, pinga. Kesho yake ikawa vilevile: alfajiri, pinga. Popo akarudishiwa uji wake, akausukuma, akafumba macho.

Siku ya tatu Desmond akaja jikoni na ile picha. Alikuwa hajanyoa ndevu. Akamwonyesha mhudumu mmoja, msichana aliyetoka kaskazini mwa China mwaka uliopita na ambaye oda zake aliziandika kwenye kompyuta ndogo. Msichana akaisoma, akatikisa kichwa.

"Ni alfajiri, na ni kupinga," alisema. "Yakiwa pamoja hayana maana. Pole, kaka."

"Basi akili imeondoka," Desmond alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Jeannine alikuwa anapita na sufuria. Akaitupia jicho ile simu, akaiweka sufuria chini.

"Akili yake haijaenda popote," alisema. "Anataka wali na yai."

Desmond akamgeukia. Jeannine akaenda kwenye begi lake, akatoa daftari, akamfungulia ukurasa: dirisha juu ya kizingiti, yai, nusu ya herufi ya wali, wali. "Mama yako haandiki ya kitabu. Anaandika ya jikoni. Ameandika hivi miaka arobaini, na sasa anatumia mkono wa kushoto, lazima afupishe. Simu haijawahi kufanya kazi jikoni."

Mwatumu, aliyekuwa anaosha mchicha, akajifuta mikono akasogea kuangalia. "Si nilisema mimi, huyu ni profesa?" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu mtu akacheka mle ndani.

Jeannine alimwomba Desmond apige simu hospitali kwanza aulize kama mgonjwa anaruhusiwa. Wakaambiwa ndiyo, mradi chakula kiwe laini. Akapika wali mpaka ukapondeka, akapiga yai na maji ya uvuguvugu, akaliivisha kwa mvuke, akalimwagia matone mawili ya mchuzi wa soya. Wakaenda pamoja kwenye gari. Popo alipofunguliwa kile chombo alikitazama, akamtazama Jeannine, akala kijiko baada ya kijiko mpaka chombo kikabaki kitupu. Kisha akachukua kalamu.

Kuanzia siku hiyo Jeannine akawa anakwenda hospitali kila alasiri mkahawa ulipotulia. Popo akiandika, yeye anasoma: chai, supu, tofu, chumvi haitoshi. Wauguzi walizoea kumwona na daftari lake. Daktari alipouliza kama mgonjwa anaelewa mambo, Desmond aliweza kujibu bila kubabaika kwamba mama yake anaelewa kila kitu, na anakilalamikia pia.

Lakini kulikuwa na herufi moja iliyomshinda. Popo aliiandika kila siku, mwisho, baada ya mengine yote, na kila siku aliikandamiza zaidi. Ilikuwa herufi ya maji, ambayo Jeannine aliijua vizuri, imewekwa ndani ya chombo kisicho na kifuniko. Simu ya Desmond ilisema ni shimo la mbolea. Jeannine alipekua madaftari yote mawili asiione.

"Popo, hii siijui," alikiri. "Haiko ya jikoni. Unipe siku moja."

Popo akapiga ubao kwa kidole, mara mbili.

Kesho yake, kabla ya kazi, Jeannine aliinakili kwa uangalifu, akaipeleka kwa Bi Lau, mwanamke mwenye duka la dawa za mizizi mwisho wa mtaa, ambaye Wakantoni wote wa pale walimpelekea barua zao awasomee. Bi Lau hakuitambua mara moja. Akashusha kamusi nene iliyopasuka mgongo, akaanza kutafuta kwa lile umbo la chombo, akihesabu mistari kwa ncha ya kucha. Jeannine alisimama upande wa pili wa meza, harufu ya tangawizi kavu ikimjaa puani.

"Nimeipata," Bi Lau alisema hatimaye. "Simu haikukudanganya sana, kuna wanaoitumia kwa shimo la mbolea. Lakini sisi watu wa kusini tukiandika hivi tunasema dimbwi, au kibwawa. Kaskazini wengi hawaijui. Tena ina ndugu yake: maji yaleyale, ila chombo kimevutwa chini kama mkia. Ni neno moja. Kuna kisiwa karibu na Makau ambacho jina lake watu wameliandika hivi na vile."

Jeannine akaziandika zote mbili, akashukuru, akatoka. Barabarani alisimama. Kibwawa. Kibwawa kipi? Akampigia Desmond kazini.

"Nyumbani kwa mama yako kuna kibwawa?"

Desmond akasema, "Eish. Samaki."

Nusu saa baadaye gari lake lilikuwa nje ya mkahawa. Nyumba ya Popo ilikuwa mitaa minne tu kutoka pale, imefungwa tangu ile Jumanne. Nyuma, kando ya kamba ya nguo, palikuwa na kibwawa cha saruji ambacho marehemu mumewe alikichimba kwa mkono wake, si kikubwa kuliko meza ya kulia. Maji yalikuwa yameshuka na kugeuka kijani, pampu imezimika, majani makavu yamefunika juu. Desmond akapiga magoti na suruali yake ya ofisini, akayaondoa majani kwa mikono. Samaki wawili walikuwa wamekufa. Jeannine akawahesabu waliobaki, wekundu na weupe, wametulia chini kwa sababu ya baridi: tisa.

Walileta mpira wa maji, wakajaza polepole, wakaiwasha pampu. Desmond alipiga picha, wakaenda nayo moja kwa moja hospitali. Popo aliishika ile simu kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na uso, midomo yake ikihesabu. Alipofika tisa akafumba macho akaegemea mto. Machozi yakamshuka bila sauti, na Desmond akayafuta kwa shati lake.

Popo alitoka hospitali mwezi wa nane, kwa kiti cha magurudumu. Maneno machache yamerudi, mkono wa kulia haujarudi. Desmond alikuwa ameshampata mtu wa kuununua mkahawa. Akamwambia mtu huyo kwamba hauuzwi tena. Karai sasa ni la Jeannine, na daftari kuu la mapishi la Popo, lililoandikwa kwa mkono kwa miaka arobaini na ambalo mhudumu yule wa kaskazini husoma nusu tu, liko mikononi mwake.

Kila Alhamisi, siku mkahawa unapofungwa, anakwenda kwa Popo na daftari hilo. Desmond huja pia, amenunua la kwake. Wanakaa uani, wanasoma ukurasa mmoja au miwili ya kurasa zake, na wakikwama wanaziandika herufi ngumu kwa ajili ya Bi Lau. Popo husikiliza. Jeannine akianza mstari wa chini kabla ya wa juu, anagongwa kidogo kwenye kidole, anafuta, anaanza upya. Wiki iliyopita walimaliza ukurasa wa samaki wa chumvi. Ukurasa unaofuata una madoa ya mafuta hadi katikati, na Jeannine amesema wataanza na kile kinachoonekana.