Stika ya Manjano

Mahdi Abdalla alikuwa na ugonjwa ambao mkewe Fatimah aliuzoea kama wake wengine wanavyozoea mume anayekoroma: alidharau watu. Hakuwadharau kwa mkupuo. Alimchukua mmoja mmoja, akampima, akamwona pungufu, kisha jioni akamleta kwa mdomo hadi ghorofa ya kumi na sita huko Cedar-Riverside, Minnesota, na kumchambua mezani pamoja na samaki. Fatimah alikula kimya, akiondoa miiba. Alijua kwamba bila mtu wa kumdharau, mumewe hashibi.

Na kazi yake ilimpa wa kumdharau kila siku. Alikuwa fundi katika gereji moja ya Anoka inayotayarisha pikapu za kuvuta trela kubwa, zile trela ambazo ni nyumba kabisa, zina kitanda, jiko na choo. Pua ya trela ya namna hii haifungwi kwenye bampa. Inapanda juu ya bodi ya pikapu, ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, na pini nene iliyo chini ya pua hiyo inaingia kwenye sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya bodi, taya za sahani zikaibana. Mahdi aliyajua mambo haya tangu ujana wake Changamwe, Mombasa, alikochomelea matrela ya malori ya Kampala kwa miaka kumi na mmoja. Kule ukikosea bolti moja, habari zako zinasomwa redioni.

Anoka walimjia wanaume wenye miwani ya jua na kaptura, wanaita pikapu zao kwa majina ya wanawake. Mahdi aliwaangalia akajiuliza nani aliwapa leseni. Pikapu imeumbwa kubeba, lakini hawa walitaka viti vya watu watano na mahali pa kuwekea vikombe sita, na bado gari iingie kwenye gereji ya nyumbani. Basi viwanda vikawaridhisha, vikarefusha mbele na kukata nyuma. "Wameukata mgongo wa punda," Mahdi alimwambia Fatimah, "ili masikio yapate nafasi."

Pikapu iliyokatwa hivyo ina hatari yake. Kutoka pini hadi kioo cha nyuma kuna futi tatu na kidogo, na kutoka pini hadi pembe ya trela kuna futi nne. Ukienda moja kwa moja hakuna neno. Ukikata kona kali, pembe inakuja kukutafuta ndani. Ndiyo maana bodi fupi hufungiwa sahani inayoteleza: dereva anashuka kabla ya kona, anavuta mkono wa chuma, na trela inasogea nyuma ikapata nafasi ya kuzunguka. Na kwa wale wabishi wanaokuja na sahani yao isiyoteleza, mwenye gereji, Mzungu mmoja aitwaye Alfred aliyeogopa mawakili kuliko alivyomwogopa Mungu, alikuwa amechapisha stika ya manjano yenye picha ya kioo kilichovunjika. Fundi aliyefunga ndiye anayeibandika juu ya usukani, kisha amweleze mwenye gari kwa mdomo wake.

Gwakisa alikuja Jumanne moja ya Juni, mwaka 2006. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Tukuyu, aliyekuja kusoma chuo kikuu akabaki, na sasa alikuwa meneja wa mambo ya kompyuta katika kampuni ya bima. Shati alilichomekea, simu ilining'inia kwenye mkanda, na kwapani alibeba faili. Mahdi alipoona faili, moyo wake ulifurahi. Mtu wa kudharau alikuwa ameletwa pamoja na bahasha yake.

"Habari za kazi, fundi? Nimeambiwa hapa kuna Mswahili."

"Njema."

"Safi. Sasa, hii hitch, hii sahani, nimeinunua kwa jamaa wa Wisconsin. Nataka uifunge leo. Everything iko kwenye file: uzito wa trela, uzito unaokaa kwenye bodi, kila bolti ikazwe kiasi gani."

Mahdi alifungua faili. Kilichomuudhi ni kwamba hesabu zote zilikuwa sahihi. Jamaa alikuwa ameweka mpaka uzito wa maji ya tangi na wa sufuria za mkewe. Mahdi alitafuta kosa kama mtu anayetafuta unywele kwenye mchuzi, akapindua kurasa, akalipata mahali ambapo hakuna ukurasa. Bodi ilikuwa fupi, na sahani ilikuwa ya kawaida, haitelezi hata inchi moja.

"Truck yako ni short bed, bwanangu. Hii hai-slide. Haikufai."

"Inafaa. Nimefanya research miezi mitatu."

"Sikiza n'kwambie, ukikata kona—"

Gwakisa aliinua kiganja. "Fundi, ofisini kwangu nina watu kumi na wanne chini yangu, na wote wana digrii. Nikitaka ushauri nitamtafuta mwenye shule yake. Wewe nifungie bolti."

Nyuma yao Alfred alitabasamu, hajui Kiswahili hata neno moja, akidhani Waafrika wawili wamekutana wanaulizana habari za nyumbani.

"Haya," alisema Mahdi.

Watu wa Mombasa wana "haya" ya aina nyingi, na hii ilikuwa ile inayofunga mlango na kumeza ufunguo. Mahdi alichukua drili, akalala chini ya pikapu, akafunga reli kwenye chasisi na sahani juu yake. Aliunganisha waya za breki za trela hadi chini ya dashibodi, akakaza kila bolti kama faili lilivyotaka. Kazi ilikuwa safi, ungeweza kuipiga picha. Mikono yake haikujua kulipiza kisasi. Ulimi ndio uliojua. Mwisho alitoa stika ya manjano kwenye droo, akaitazama picha ya kioo, akaitia kwenye mfuko wa kifuani.

"Na ajifunze," alijisemea.

Jioni alimchambua Gwakisa mpaka mifupa. Alimwigiza anavyotembea na faili, anavyosema "research", anavyoinua kiganja kama askari wa barabarani. Fatimah alicheka. Habari za stika hakumwambia.

Kesho yake Gwakisa alirudi kuchukua gari, na safari hii alikuja na mama yake. Bibi Ikupa alikuwa na wiki tatu tu Marekani. Alivaa vitenge viwili, na juu yake koti la baridi la mkwewe ijapokuwa ni Juni. Wateja hawaruhusiwi kuingia wanakofanyia kazi mafundi. Bibi hakujua, na angejua asingejali. Alimkuta Mahdi anafuta mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtu wa wapi?"

"Mombasa."

"Mama yupo?"

Katika miaka minane ya Minnesota hakuna mteja aliyewahi kumuuliza Mahdi swali hilo. "Alitutoka mwaka juzi, bibi."

"Pole sana. Ulikwenda kuzika?"

"Karatasi zangu hazikuwa tayari."

Bibi Ikupa aliushika ule mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo hivyo mpaka Mahdi akalazimika kutazama pembeni. Kisha alifungua mkoba akampa karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi ya jikoni, na akataka aonyeshwe gari. Alipanda mwenyewe kiti cha nyuma. Mwanawe alikuwa amemwekea mto mkubwa mwekundu, umeegemea kioo.

"Nitakaa hapa nilale," alisema. "Mkwe wangu anaendesha gari jingine na watoto, wanapiga kelele mno. Mwanangu ananipeleka kuona milima, sijui kwa nini, mimi nimezaliwa kwenye milima. Tunaondoka Jumamosi saa nne. Uje utuage, mwanangu. Nyumba yetu iko mwisho wa barabara, pale magari yanapogeuzia."

Mahdi alisikia maneno hayo yote: mto, kioo, mahali pa kugeuzia. Alifungua mdomo. Hapo hapo Gwakisa aliingia akitikisa funguo.

"Mama, toka huko. Usiwasumbue hawa, wanalipwa kwa saa."

Mdomo ukafungwa. Hasira ilimpanda Mahdi mpaka masikioni, na stika ikabaki pale ilipo, kwenye mfuko, pamoja na karanga.

Siku mbili zilizofuata alijifurahisha kwa picha moja. Aliiona trela inazunguka, kioo kinamwagika, na Gwakisa ameshika faili mbele ya majirani. Ilikuwa picha tamu na aliirudia akiwa barabarani kwenda Anoka na kurudi. Kulikuwa na tatizo dogo tu, kwamba kila alipoitazama, kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na koti la baridi. Alimtoa bibi, akaanza upya, bibi akarudi.

Jumamosi asubuhi Fatimah alikusanya nguo za kufua. Alipekua mifuko ya ovaroli kama kawaida yake, akatoa maganda ya karanga na stika ya manjano.

"Hii ni nini, Mahdi?"

Alimweleza. Alieleza kwa madaha yake ya kila siku, na kiganja akakiinua, akingoja kicheko. Fatimah hakucheka.

"Na mamake anakaa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

Mahdi aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Fatimah alimwekea stika mkononi, na mumewe akatoka bila kufunga kamba za viatu.

Anwani ya Gwakisa huko Maple Grove aliikumbuka kutoka kwenye karatasi ya kazi. Alipofika, barabara yote ilikuwa imejaa watu. Watanzania hawasafiri kimyakimya. Kulikuwa na wanakwaya, mwenye kamera ya video, kamati nzima ya kuaga, na vyombo vya pilau kana kwamba milimani hakuna chakula. Trela, ambayo muuzaji alikuwa ameileta jana yake kwa pikapu ya bodi ndefu, ilikuwa tayari imekaa juu ya sahani. Maombi yalikuwa yamekwisha. Gwakisa alikuwa kwenye usukani, na kofia ya safari kichwani. Mahdi aliiona kofia ile na hata katika haraka yake akapata nafasi ya kuidharau.

"Bwana Gwakisa, zima gari. Usikate kona hapa, pembe ya trela itaingia ndani ya kioo."

"Fundi! Umekuja kuomba lifti?"

Watu wakacheka. Mahdi hakubishana naye. Alifungua mlango wa nyuma.

"Bibi, shuka."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Shuka kwanza, nakuomba. Nipe mkono."

Bibi Ikupa alimtazama, akampa mkono, akashuka. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa aliyemwomba alikuwa mtu anayemwamini.

Gwakisa aliona aibu mbele ya kamera, na aibu yake ikageuka ubishi. "Mama, kaa hapo utazame," alisema, akakata usukani wote kushoto, akaachia breki. Pikapu ilianza kuzunguka polepole. Pembe ya trela ilikuja taratibu, ikagusa kabini, ikaendelea. Kioo kilitoa mlio mmoja tu. Ulipokwisha, kona nyeupe ya trela ilikuwa imeingia pale kilipokuwa kichwa cha bibi, na mto mwekundu umejaa vipande.

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mwanamke mmoja wa kwaya alilia kwamba Mungu amemtuma mtu huyu, na mwenye kamera akamgeuzia Mahdi. Gwakisa alishuka, kofia imeanguka, uso umekuwa wa majivu. Hakusema "research". Alimshika Mahdi bega.

Kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii, Mahdi alizungukwa na watu wanaomtazama kwa heshima. Bibi Ikupa alikuwa bado amemshika mkono.

"Umejuaje, mwanangu? Nani alikuambia?"

Angeweza kusema amepata hisia tu moyoni. Wangemwamini wote, wangempakulia pilau. Lakini mkono ule ulikuwa umemshikia msiba wa mama yake, na uongo haukupita kooni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa stika, akampa.

Kiingereza bibi hakukijua. Aliitazama picha ya kioo, kisha akamnyooshea mwanawe.

"Soma."

Gwakisa alisoma kwa Kiswahili, polepole. "Hatari. Bodi fupi. Ukikata kona kali, trela itavunja kioo cha nyuma." Akashuka hadi mstari wa mwisho. "Ibandikwe mbele ya dereva."

"Mbele ya dereva," alirudia bibi. "Ilikuwa nawe tangu lini?"

"Tangu Jumanne," alisema Mahdi.

"Siku ile nilipokuonyesha mto, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Bibi Ikupa aliutoa mkono wake. Aliutoa bila hasira, kama mtu anayerudisha kitu alichookota akagundua kina mwenyewe. Alimtazama toka viatu visivyofungwa hadi usoni, akampima, na Mahdi akalitambua jicho lile vizuri sana, maana lilikuwa lake.

"Mwanangu ni mjinga," alisema bibi, na Gwakisa akainamisha kichwa. "Hakujua. Wewe ulijua."

Aliuvuta mto mwekundu kutoka kwenye kiti, akaanza kuukung'uta vipande vya kioo juu ya nyasi. Mahdi aliinama haraka kuviokota.

"Acha," alisema Bibi Ikupa. "Tutaokota wenyewe."