Jini la Shamba la Baleni

Shamba la Baleni nililinunua kwa jasho langu. Makame aliniuzia akilikimbia jini lake, nami nikamcheka mbele za watu.

Juzi paka wangu alilowa mafuta manyoya yote kwa kulala juu ya mbata, nazi nilizozikausha. Nikampaka unga wa muhogo uyanyonye, akaniponyoka kabla sijampangusa, nami nikamsahau. Alasiri Makame akaja kunitembelea, nikaingia ghalani kumchukulia nazi.

Gizani kitu cheupe kikashuka kutoka darini, macho yanawaka. Hata aya niliyoihifadhi tangu utotoni ikanipotea. Nikapiga magoti.

"Ewe bwana, nihurumie! Shamba lako, lichukue!"

Kile cheupe kikalia nyau, kikajisugua gotini kwangu.

Nyuma yangu Makame akasema, "Basi nirudishie mimi, ndugu yangu, kuliko kumpa paka."