Ukipotea, Simama kwa Bwana Msumeno

Nakumbuka tulipohama Mukurweini, sijaanza hata shule, tulisafiri juu ya lori la ndizi. Mama alikumbatia sufuria, mimi nikakumbatia mguu wa meza. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila kilima watu wazima walishuka wakasukuma. Safari ilikula siku nzima. Leo njia hiyo ni lami, unafika Nyeri soda uliyonunua haijaisha, na bado kijana aliyekaa nyuma yako analalamika kwamba gari linakwenda polepole.

Kitu cha kwanza nilichoona mjini ni mzungu wa shaba aliyebeba msumeno begani. Nikalia. Baba akacheka, "Huyo haumi. Kazi yangu imetoka kwake."

Baba alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao chini ya mtaa wa Majengo, na sanamu ile ilikuwa ya mtu aliyekianzisha. Alitoka Welisi, mtoto wa mchimba makaa. Walisema alipanda milima hii na msumeno mmoja tu, akafa tajiri. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe pale chini, lakini nani angelitamka? Tulimwita Bwana Msumeno. Watoto tulibishana Welisi iko wapi. Mimi nilisema iko mbele ya Meru, nikashinda, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kupita Meru.

Baba alimtumia kutuchapa bila kiboko. "Alikuja na msumeno mmoja! Wewe uko na kalamu mbili na bado unashika mkia."

Siku moja Cucu, mama yake Baba, alikuja na kikapu cha nduma, akaisikia hadithi hiyo. Akasonya, akamgeukia Baba.

"Ati alijijenga. Huo msumeno uko na mishikio miwili, umeangalia? Baba yako ndiye alivuta upande wa pili. Sanamu yake iko wapi?"

Baba aliendelea kumenya nduma. Mimi nilikimbia kwenda kutazama. Kweli, mishikio ilikuwa miwili, mmoja mkononi mwa mzungu, mwingine umening'inia hewani nyuma ya mgongo wake.

Enzi hizo maisha yetu yote yalinuka mbao. Tuliteleza kwenye rundo la unga wa mbao mpaka ukaingia masikioni, tukaenda shule tukijikuna, tukanywa maziwa ya pakiti ya pembe tatu. Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani, mama zetu waliwasha moto kwa mabaki ya mbao na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikanuka msonobari. Na kila mama wa pale alikuwa na sheria moja kwa mtoto wake: "Ukipotea, nenda usimame kwa Bwana Msumeno. Usisonge. Nitakuja."

Nilipotea siku ya soko. Nilisimama pale mvua ikinipiga, nikashika kiatu cha shaba kilichong'arishwa na mikono ya watoto. Watu walipita wakiuliza, "Wewe ni wa nani?" Sikusonga. Mama akatokea, leso imelowa, akanipiga kofi, kisha akanikumbatia. "Nilijua uko hapa."

Mtoto wa leo akipotea anatuma ramani kwa simu, halafu anaona aibu mama akimjia.

Kisha miti ikaisha, kiwanda kikafungwa. Baba akasema anakwenda kutafuta kazi upande wa Meru, atarudi Jumamosi. "Mningoje kwa Bwana Msumeno," akamwambia Mama. Jumamosi tulioga, tukaenda. Jumamosi iliyofuata tukaenda tena. Mama alivaa lile gauni lake la kanisani kila mara, akasimama wima, akisalimia watu kama aliyepita tu njia. Alifanya hivyo mpaka mwanamke mmoja wa sokoni akamwambia, bila ubaya, "Mama Kariuki, bwana yako tumemwona Meru. Ako na nyumba huko. Ako na mtoto." Mama akashukuru, akanunua vitunguu, tukarudi nyumbani. Hatukuenda tena.

Juzi nilipita pale. Nimeishi miji mingi, na katika kila mji mpya natafuta kwanza mahali pa kusimama, hata kama najua hakuna atakayekuja. Bwana Msumeno bado yupo. Vijana wa bodaboda wameegesha chini yake na kumwanikia makoti ya mvua.

"Mzee, unangoja nani? Twende Ruring'u," mmoja wao akaniita.

"Huyu mzungu ni nani?" nikamuuliza.

"Huyu? Si huwa anakaa tu hapo."

Nilichoka ghafla. Nikashika kile kiatu. Haking'ai tena.

Nilipomaliza kidato cha nne, ilikuwa hapohapo Mama aliponisindikiza na begi langu. Nami, kwa mazoea tu, nikafungua mdomo kusema nitarudi Krismasi. Akaniwahi.

"Enda salama, Kariuki. Lakini usiniambie nikungoje hapa."

Alinirekebisha kola, akageuka. Nilimtazama akiteremka peke yake kuelekea Majengo, bega moja likiwa chini kidogo, na juu yangu ule mshikio wa pili ukidondosha maji ya mvua.