Injini ya Teksi Ziwani

Mama Pascasie alikuwa na boti ya mbao iliyobeba unga wa muhogo na maharage kutoka Moba hadi Kalemie. Mumewe alipofariki alimwachia boti hiyo pamoja na injini yake, na miaka michache baadaye injini nayo ikafa.

Akavuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta nyingine. Muuzaji alipomtajia bei, alidhani hakusikia vizuri.

"Papa, kwa bei hiyo si ninapata gari? Gari zima, lenye viti na milango na redio!"

"La mtumba, ndiyo," muuzaji akajibu. "Magari yanatengenezwa kwa mamilioni, mama. Hizi ni chache. Halafu gari likipanda mlima litateremka, injini ipumzike. Ziwani hakuna mteremko. Hii inapanda tu, tangu unapoondoka mpaka unapofika."

Pascasie aliona ni maneno ya biashara. Akarudi mikono mitupu, akaenda kwa shemeji yake Urbain, fundi wa magari. Gerejini kwake kulikuwa na teksi iliyopinduka kwenye barabara ya Nyunzu. Bodi lilikunjamana lote, ila injini ilikuwa nzima.

"Shemeji, motere njo motere," Pascasie alisema, akiigusa ile injini. "Inasukuma muntu na mizigo yake barabarani, ishindwe majini?"

Urbain alisita, lakini kazi yenyewe ilimvutia. Akachomelea vyuma, akaweka bomba la kuvuta maji ya ziwa ili yaipoze injini, akaifunga nyuma ya boti. Siku ya majaribio watu walipiga makofi ufukweni. Evodie, mama mwingine mwenye boti ya mizigo, hakupiga. Alitazama tu jinsi boti ilivyoelemea nyuma.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri, na Pascasie akajisifu sokoni hata wenzake wakamchoka. Kisha, yeye na Urbain wakirudi kutoka Moba na mzigo kamili, upepo wa kaskazini ukawakabili. Urbain akaiendesha injini kwa nguvu zake zote, bila kupunguza. Moshi ukatoka, ikasikika harufu ya mpira ulioungua, kisha kishindo cha chuma, na kimya. Mawimbi yakaanza kuingia.

"Tutupe magunia?" Urbain akauliza.

"Tupa."

Maharage ya watu yakazama. Pascasie akachukua sufuria, akachota maji mpaka mikono ikafa ganzi. Boti ya Evodie ndiyo iliyowakuta, ikawavuta hadi bandarini. Evodie alishika usukani njia nzima bila kugeuka nyuma, na Pascasie aliona heri angetukanwa.

Gerejini Urbain alifungua injini, akakuta pistoni zimekwama.

"Ingekuwa gari, ningesimama kando ya njia, nifungue boneti, ningoje ipoe," alisema. "Kule tungesimama wapi?"

Pascasie alikuwa amekaa juu ya tairi.

Baadaye alikwenda kwa Evodie kumwomba wanunue injini ya boti kwa ushirika, kwa kuwa ya Evodie nayo ilikuwa imechoka. Evodie alimwacha asimame mlangoni kwa muda kabla ya kumpa kiti. Walikubaliana.

Sasa wanasafiri kwa zamu na wanagombana juu ya oili. Pascasie bado anaiita ile bei wizi. Urbain amerudi kwenye magari yake, na akiwa na safari ya Moba hupita barabarani, hata wakati wa mvua.