Mtoto Aliyefunzwa Kutulia

Shule nzima ilimwita Bi Taratibu, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Neno lenyewe lilikuwa halimtoki mdomoni. Watoto wakikimbizana koridoni, taratibu. Walimu wakigombana ofisini, taratibu. Alifundisha hesabu, lakini sifa aliipatia kwenye kipindi cha malezi, kila Ijumaa baada ya mapumziko, alipowafunza watoto wa watu namna ya kukaa na mioyo yao.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mtoto akipandwa na hasira, au akianza kulia, anakwenda bombani, ananawa uso, anakaa hukohuko mpaka aweze kurudi na kusema shida yake kwa sentensi moja, sauti ya chini, uso mkavu. Akirudi bado ana kwikwi, anarudishwa. Na msifanye mchezo, ilifanya kazi! Vitoto vilivyokuwa vikirushiana viatu vilianza kuombana radhi kama watu wazima. Wazazi walimsifu, wakaguzi walimsifu, na sifa, tuseme ukweli, zilimvimbisha kichwa. Kilio kilichomezwa kilikwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Darasa lilikuwa kimya, na hilo liliwatosha.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, naye alilelewa kwa kanuni hiyohiyo, ila bomba la nyumbani lilikuwa uani, chini ya kamba ya nguo. Mumewe, fundi redio, alikuwa akimtania. "Mke wangu, huyu mtoto utamkausha." Baba na binti walijifungia karakanani wakaimba ovyo, kelele tupu, na mama akawagongea ukuta.

Fundi redio alikufa ghafla, binti akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka. Siku ya mazishi, nyumba imejaa watu, mtoto aliangua kilio hadi wageni wakageuka. Bi Taratibu alikuwa amejikaza kisabuni tangu asubuhi, na alijua kilio kile kikiendelea naye atavunjika mbele za watu. Basi akamshika mtoto mkono, akampeleka uani. "Nawa uso, mwanangu. Ukiwa tayari, njoo uniambie kwa sentensi moja."

Mtoto alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, uso ulikuwa mkavu. "Baba hatarudi tena," alisema kwa sauti ya chini, bila kukosea neno. Na mama yake, Mungu amsamehe, akamsifu mbele ya shangazi zake.

Tangu hapo hakumwona tena akilia, na kwa miaka mingi jambo hilo alitembea nalo kifua mbele. Binti akakua, akapata kazi ya mapokezi hospitalini, ambako watu wenye maumivu walimfokea kutwa nzima naye akawajibu kwa upole. Akaolewa upande wa pili wa mji. Kila wiki alipiga simu. Tuko salama, mama. Wewe je? Kila wiki tuko salama, na Bi Taratibu alikata simu akiwa na kiu asiyoijua ni ya nini.

Kisha siku moja, akiwa kwa fundi cherehani anapimwa gauni, fundi akamwambia, "Pole sana, mwalimu, kwa mjukuu." Ndipo akajua, amesimama pale na pini ubavuni, kwamba binti yake alikuwa na mimba, na kwamba imeharibika. Mtaa ulijua, fundi alijua. Akajibu "asante" kama mtu aliyekwisha kusikia, akavaa nguo zake vibaya, akatoka. Siku hiyo roho ilimuuma kuliko siku ya mazishi.

Kesho yake alifunga safari. Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe amlilie.

"Karibu, mama, pita ndani," binti alisema, akamletea chai.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua, mama."

"Kunisumbua? Mimi ni mama yako!" Sauti ilimpanda, ile sauti aliyowakataza watoto wa watu maisha yake yote. "Lia basi, mwanangu. Nipigie kelele. Nitukane hata, nitafurahi!"

Binti alimtazama kwa huruma ileile ya dirisha la mapokezi, anayowapa wagonjwa wasiomhusu. "Niliumia, lakini sasa nimetulia. Asante kwa kuja."

Mlango wa nyuma, wa jikoni, ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mama mkwe wa binti, muuza mboga sokoni, mwanamke ambaye Bi Taratibu, siku ya harusi, alimsengenya kuwa ana mdomo kama kipaza sauti na hana staha. Binti akaomba radhi, akaenda jikoni kumpokea.

Halafu kikaja kilio, si cha mama mkwe.

"Hata kumshika, mama! Hata kumshika sikumshika!"

"Lia, mwanangu, lia. Nani kakwambia unyamaze? Tulie wote!"

Bi Taratibu alisimama. Akaenda hadi mlango wa jikoni. Binti yake alikuwa amekaa sakafuni, kichwa mapajani mwa yule mama, kamasi zinamtiririka, mdomo wazi kama mtoto mchanga. Bi Taratibu aliutamani ule uso mchafu kuliko kitu chochote duniani.

Mama mkwe akamwona. Hakuwa na ubaya wowote. "Mama mwenzangu, njoo ukae nasi," alisema, akimsogezea nafasi.

Binti alisikia, na kilio kikakatika hapohapo. Akainuka, akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha gauni lake.

"Samahani, mama," alisema, taratibu kabisa. "Ulikuwa unahitaji kitu?"